Vita ya Angola ilikuwa ya nani?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Hivi vita ya Angola ilikuwa ya Waangola wenyewe au ya Marekani na Urusi? Mzee anasema bila wakubwa wale jamaa wangepatana mapema. Msomaji, Tabora.

JIBU: Mzee wako amepatia nusu. MPLA, FNLA na UNITA, vile vyama vitatu vya ukombozi vya Angola, walikuwa hawaivi chungu kimoja hata wakati wanapigana na Mreno, ila uhuru unafika Novemba 1975 kila mmoja keshapata mfadhili, MPLA ana Msovieti na Cuba, FNLA ana Mobutu wa Zaire na Marekani, UNITA ana Makaburu na Marekani hiyohiyo, sasa ukiletewa silaha za bure utakaa mezani uongee nini? 1986 Reagan, rais wa Marekani, akampa Savimbi, kiongozi wa UNITA, makombora ya Stinger, yale ya kubeba begani ya kutungulia ndege. Kichekesho kilikuwa Cabinda, jimbo la Angola lenye mafuta: mafuta yalichimbwa na kampuni ya Kimarekani, mitambo ikalindwa na wanajeshi wa Cuba, kodi ikaingia serikali ya MPLA!

Lakini wakubwa walipojitoa haikuisha, Savimbi alikuwa na almasi zake bwana, kapigana mpaka alipouawa Februari 2002, ndo Aprili wakasaini amani.