Maswali Yenu: Sahani ya damu imeota, MacConkey kapa

SWALI: Ndugu wataalamu, nafanya kazi maabara ya hospitali. Damu ya mtoto njiti wa siku nane imeotesha fimbo za Gramu hasi kwenye agari ya damu, ila MacConkey, sahani ambayo bakteria wengi wa Gramu hasi huota, hakuna kitu. Antibiotiki ya meropenemu haimgusi bakteria huyu. Mwenzangu anasema ni uchafu wa sampuli, nitupe. Nitupe?

JIBU: Usitupe, ndugu yetu. Dalili hizo zinaelekea kwa Elizabethkingia, bakteria wa majini na udongoni ambaye hospitalini hukaa kwenye masinki. Amepewa jina la Elizabeth King, Mmarekani aliyemweleza mwaka 1959 kutoka kwa wachanga wenye homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana mpigie daktari leo, achukue maji ya uti wa mgongo na damu nyingine kutoka mshipa mwingine. Akiota tena, hoja ya uchafu imekwisha.

Pima oksidesi, kimeng'enya cha bakteria, iwe chanya. Kisha indoli, kemikali ambayo baadhi ya bakteria huitoa, na hapa wengi hukosea. Bakteria huyu hutoa indoli kidogo, hivyo kitendanishi cha Kovacs huweza kusoma hasi. Mwoteshe saa 48 kwenye maji ya triptoni, tia zailini mililita 1, tikisa kwa nguvu, subiri ipande juu, kisha teremsha nusu mililita ya kitendanishi cha Ehrlich ukutani mwa tyubu. Pete nyekundu ni chanya. Chryseobacterium indologenes naye hutoa majibu hayo, ila koloni zake ni za njano iliyokolea. Za huyu zimepauka.

Mashine ya kutambua bakteria ikiandika E. (yaani Elizabethkingia) meningoseptica, usiiamini moja kwa moja. Hazina za data za zamani za mashine hizo humwita hivyo hata E. anophelis, aliyeelezwa 2011 kutoka utumbo wa mbu Anopheles gambiae. Andika "Elizabethkingia, spishi haijathibitishwa", hifadhi bakteria, umtume kwenye maabara inayosoma vinasaba.

Meropenemu hushindwa kwa sababu amezaliwa na vimeng'enya vinavyoivunja. Kolistini, antibiotiki nyingine, nayo haimwezi. Pima minosaiklini, rifampisini, levofloksasini na kotrimoksazoli kwa kutafuta kiwango cha chini kinachomzuia. Vidonge vya karatasi vyenye dawa, vinavyowekwa juu ya sahani, hudanganya, hasa vya vankomaisini: duara lisiloota bakteria linaonekana kubwa ilhali dawa haitoshi.

Huku ukisubiri majibu, pitisha pamba ya sampuli kwenye tundu la sinki, mdomo wa bomba na maji ya chupa za oksijeni wodini. Vikombe vya maziwa ya watoto visioshwe tena kwenye sinki hilo.