Moyo umekubali kibanda, mume anataka mpango

SWALI: Habari Shangazi. Nimepika chapo na madondo kwa hoteli moja hapa Umoja miaka sita, sasa nataka kujisimamia. Nimeona kibanda karibu na steji na nilipokiona tu nikajua ni hapa. Mume wangu anasema nisitoe hata shilingi mpaka niandike mpango wote, faida ya mwaka mzima. Nikikaa kuandika kibanda kitaenda. Nifuate moyo ama nimsikize?
Mama Chapo, Umoja

JIBU: Mwanangu, moyo wako umekuambia mambo mawili na wewe umeyasikia kama moja. La kupika liamini kabisa. Miaka sita umeshika unga, vidole vinajua maji yamezidi kabla hujasukuma, na siku uliyokosea kastoma alikurudishia sahani hapo hapo. Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia, mmoja alishuku sana machale ya watu, mwingine aliyaheshimu baada ya kuchunguza wazima moto, lakini mwaka 2009 waliandika pamoja wakakubaliana kwamba machale ni ya kuaminika pale mambo yanajirudia na umepata muda wa kuonyeshwa makosa yako.

Sasa vibanda umekodi vingapi? Hapo moyo umependa tu, haujajua. Mimi niliumia hapo hapo, nilichukua stoli ya nguo sababu jua la asubuhi liliimulika vizuri, kumbe watu wote wanapita wakikimbilia matatu, hakuna anayesimama, miezi mitano nikafunga.

Lakini mumeo pia, faida ya mwaka mzima ya biashara haijauza sahani moja ataitoa wapi? M-Pesa yenyewe ilipojaribiwa 2005 ilikuwa ya watu kulipia mikopo midogo, wao wakaanza kutumiana pesa, na 2007 ikazinduliwa kwa kazi hiyo ya kutumiana. Hiyo ilionekana kwa watu wakiitumia.

Kwa hivyo gudwili, ile pesa ya kuingilia kibanda, usilipe bado. Beba hotpoti, uza chapo hapo steji wiki mbili, asubuhi na jioni, na uulize majirani aliyekuwa kwa hicho kibanda alitoka kwa nini, maji yanatoka siku gani, kanjo wanapita lini. Pesa ya kuanzia isiguse karo. Mumeo mpe daftari aandike kila chapo iliyouzwa na saa yake, huo ndio mpango anaoutaka. Kibanda kikienda kiende, steji itabaki.

Halafu niandikie tena tafadhali, nataka kujua zilikuwa zinaisha saa ngapi.