Hamisha redio, usihamishe wlan1

Fundi wa Arusha akipata kazi ya Wi-Fi kwenye loji ya Karatu, anaenda zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo vifaa nakushauri uvipime mezani kabla hujapakia gari. Kompyuta moja ya Linux yenye kadi mbili za Wi-Fi inatosha: moja inarusha mtandao, nyingine inajiunga kama simu ya mgeni. Ila kadi zote zikikaa pamoja, kerneli (kiini cha Linux) inaona anwani zote mbili ni zake na kuzikutanisha humo humo ndani. Hakuna pakiti inayopita hewani, na kipimo chako hakina maana. Itenge kadi moja kwenye neimspesi yake, yaani chumba cha mtandao kilichotengwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Hapa kadi hiyo ni wlan1, na neimspesi tunaiita mgeni.

Wengi hujaribu `ip link set wlan1 netns mgeni`, kama wafanyavyo kwa kadi ya waya, na kerneli inakataa. wlan1 ni kiolesura tu kilichokaa juu ya redio, na redio haikai neimspesi mbili. Hamisha redio nzima (hapa ni phy1), violesura vyake vitafuata:

`sudo ip netns add mgeni`
`sudo iw phy phy1 set netns name mgeni`

Kabla ya hapo angalia `iw list`. Kama `set_wiphy_netns` haimo, tafuta kadi nyingine, usipoteze siku. Asiye na kadi za ziada atumie `modprobe mac80211_hwsim radios=2`; redio hizo ni za kuigiza, lakini kwa kujifunza zinafaa sana.

Sasa `iw dev` haikuonyeshi tena wlan1. Haijapotea. `iw` huiuliza kerneli kwa netlink (njia ya programu kuongea na kerneli), nayo hujibu ya neimspesi uliyomo, hivyo andika `sudo ip netns exec mgeni iw dev`. wpa_supplicant, programu inayoiunganisha kadi na Wi-Fi, nayo iwashe humo humo.

wpa_cli, amri ya kuiendesha wpa_supplicant, ni tofauti, na hapa ndipo kazi inaporahisika. Yenyewe huongea na wpa_supplicant kupitia soketi (mlango wa mawasiliano) iliyo faili kwenye mfumo wa faili, na faili hilo linaonekana hata ukiwa nje. Weka `ctrl_interface=/run/wpa-mgeni` kwenye faili la mipangilio, ili soketi zisigongane na za wpa_supplicant ya nje, halafu:

`sudo wpa_cli -p /run/wpa-mgeni -i wlan1 status`

Ukimaliza, zima wpa_supplicant kwanza, ndipo `sudo ip netns del mgeni`. Redio itarudi yenyewe. Ukifuta kabla ya kuzima, jina litaondoka lakini neimspesi itabaki hai, na redio imo ndani.