Kaunti ya Cherry, Nebraska: eneo kubwa, watu 5,455

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ni kweli Marekani kuna kaunti kubwa zisizo na watu, na kwa nini ardhi yote hiyo imeachwa bila kutumika. Nitajibu kwa ile ninayoijua. Nimeendesha lori miaka kadhaa kwenye barabara namba 20 kaskazini mwa jimbo la Nebraska, na barabara hiyo inapita Cherry mwanzo hadi mwisho.

Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000, inalizidi jimbo zima la Connecticut. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5,455, karibu nusu yao wakiwa Valentine, makao makuu. Waliobaki wametawanyika kwenye ranchi na vijiji kama Cody na Merriman. Ukielekea magharibi jaza mafuta Valentine, na pakua ramani kwenye simu mapema maana mtandao unakata. Angalia na saa pia: magharibi ya kaunti hiyohiyo iko nyuma kwa saa moja, na mwenye miadi ya kushusha mzigo lazima alijue hilo.

Ila kusema ardhi haitumiki, hapo nakataa. Vile vilima vinavyoitwa Sandhills ni mchanga mtupu uliofunikwa na nyasi. Chini kuna hifadhi ya maji ya Ogallala, tena iko juujuu kiasi kwamba mabondeni maji yanatokeza na kuwa maziwa. Ukilima unaondoa nyasi, na upepo unabeba mchanga. Walishajaribu. Sheria ya Kinkaid ya 1904 iliwaruhusu walowezi kuchukua hadi ekari 640 za bure, watu wakaja kwa wingi, na sensa ya 1920 ikakuta zaidi ya 11,000. Mazao yakagoma. Wengi waliwauzia wafugaji wakaondoka.

Leo hakuna kaunti Marekani inayoizidi Cherry kwa ng'ombe wazazi wa nyama, yaani majike wa kuzalisha ndama wa nyama. Kila ng'ombe na ndama wake wanahitaji malisho mapana, kwa hiyo ranchi ya maelfu ya ekari inaendeshwa na familia moja na wasaidizi wachache.

Wanaoumia ni vijiji. Cody, chenye watu wasiofika 200, kilikaa bila duka la vyakula mpaka wanafunzi wa shule ya hapo walipofungua lao 2013, kwenye jengo la kuta za marobota ya majani makavu. Nilikuwa nasimama pale makusudi ninunue chochote, kwa sababu bila duka lile mama wa Cody anafuata mkate Valentine, kilomita 60 kwenda tu.