Maswali ya Wasomaji: Kununua Baiskeli kwa Mtu Usiyemjua

Ndugu Mhariri,
Kijana wangu anasoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kila asubuhi anatoka Katuba kwa miguu, kwa sababu nauli imetushinda. Nimeona kwenye Facebook tangazo la baiskeli ya gia, iliyotumika lakini safi, kwa dola 60. Muuzaji anasema iko Kasumbalesa, na kwamba nikimtumia dola 25 kwa simu ataitoa forodhani na kuipakia kwenye basi jioni hiyo hiyo. Ananiita mama, anajibu kwa heshima, na amenitumia hata picha ya kadi yake ya mpiga kura. Je, nimtumie?
Mama wa Katuba

Mama, usitume hata faranga moja. Wauzaji waaminifu wa baiskeli wako wengi katika mji huu, hata kwenye intaneti, lakini mambo uliyoyaeleza ndiyo yanayotumiwa kila mara kuwaibia watu: bei ya chini mno, mali iliyo mbali kidogo, haraka, na fedha ndogo inayotakiwa kutangulia. Kasumbalesa haikutajwa ovyo. Iko kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, umbali ambao hautii shaka lakini unamzuia mtu kwenda kuangalia jioni moja, na kwa kuwa kila mmoja wetu anajua kwamba bidhaa nyingi huingilia hapo zikitoka Zambia, habari ya forodha inaaminika upesi. Jiulize pia kwa nini mwenye mali asiikomboe yeye mwenyewe kwa dola 25, kisha aiuze kwa bei ya soko. Ukishatuma, utaambiwa ushuru umepanda, halafu dereva wa basi atataka chake, na siku utakapokataa simu yake haitapatikana tena. Fedha iliyotumwa kwa simu na kutolewa kwa wakala ni vigumu sana kuirudisha.

Kadi ya mpiga kura isikutulize. Picha ya kadi inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, ambaye naye aliombwa aitume katika ununuzi wa uongo kama huu, na kwa sababu hiyo nakusihi usimpe picha ya kadi yako. Wala nambari ya simu inayoanza na +243 haithibitishi kwamba mwenyewe yuko Kongo.

Ukitaka kumpima muuzaji yeyote, mwombe picha mpya ya baiskeli ikiwa na karatasi juu ya tandiko, iliyoandikwa kwa mkono jina lako na tarehe ya siku hiyo, pamoja na picha ya nambari iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, ambayo mara nyingi iko chini, pale mhimili wa pedali unapopita. Mwenye baiskeli hufanya hivyo kwa dakika chache. Asiye nayo ataanza kukasirika au kukwambia humwamini. Zile picha za tangazo mpe kijana wako azitafute kwa Google Lens, programu inayotafuta picha zinazofanana kwenye intaneti, kwa maana mara nyingi hugunduliwa kwamba zilichukuliwa kwenye tangazo la zamani la nchi nyingine.

Akipatikana muuzaji wa kweli, mkutane mchana mahali penye watu, kwa mfano Place de la Poste, na uende na fundi wa baiskeli hata kama utamlipa kidogo. Hapo msione haya kukawia. Fundi atazame fremu karibu na usukani na chini ya tandiko, mahali ambapo nyufa huanzia, na ashuku rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, kwa sababu huenda imefunika ufa au kiungo kilichochomelewa. Ainue kila gurudumu na kulizungusha ili aone kama rimu inayumba kwenye breki, kisha ashike mikono ya pedali na kuitikisa kushoto na kulia. Ikicheza, gololi zake zimekwisha au mhimili umelegea. Mnyororo upimwe kwa rula: kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, mnyororo mpya una sentimita 30,5, na ukifika 30,8 umeshachakaa, na yaelekea meno ya gia yamelika pamoja nao. Gharama hiyo itolewe kwenye bei kabla ya kukubaliana. Fedha itoke mfukoni baada ya kijana wako kuipanda na kurudi nayo, si kabla.

Ndugu Mhariri,
Nilinunua baiskeli kwa mtu niliyempata kwenye kundi la WhatsApp. Sasa jirani amekuja na kusema ni yake, iliibwa mwaka jana. Nifanye nini?
Msomaji wa Ruashi

Ndugu yangu, usigombane naye na usiiuze kwa haraka ili kuondoa tatizo. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, katika ibara ya 101, inamwadhibu anayehifadhi mali iliyopatikana kwa uhalifu, na adhabu yake inaweza kufika miaka 5 ya kifungo. Kuiuza sasa, baada ya kuambiwa, kutakufanya uonekane mtu aliyejua. Mwombe jirani aonyeshe risiti, picha ya zamani au nambari ya fremu. Nyote wawili mwende kwa shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, kisha polisi, nawe uchukue ujumbe wote ulioandikiana na muuzaji, nambari yake ya simu na uthibitisho wa malipo. Usifute chochote. Ikiwa nambari ya fremu imekwanguliwa kwa tupa, sema hivyo wewe mwenyewe mapema, kabla mwingine hajaiona.

Wasomaji wengine wanaonunua wiki hii waandike karatasi ya mauzo yenye majina ya pande mbili, nambari ya fremu, bei, tarehe na sahihi, mbele ya shahidi. Muuzaji asiyetaka kuandika, muacheni na baiskeli yake.

Ndugu Mhariri,
Mimi ndiye ninayeuza. Mnunuzi amenionyesha ujumbe wa simu kwamba amenilipa, ila yuko na haraka.
Muuzaji wa Kampemba

Ujumbe huandikwa na yeyote, na picha ya simu hutengenezwa. Fungua wewe mwenyewe akaunti yako ya fedha ya simu, uangalie salio, na baiskeli isisogee mpaka uone fedha imeingia. Akidai kwamba amekutumia zaidi kwa makosa na kukutaka umrudishie tofauti, usirudishe kabla salio halijaonyesha fedha hiyo. Na nambari yako ya siri usimtajie yeye wala mtu anayekupigia akisema ni wa kampuni ya simu.