Ukitaka kazi ya diplomasia ya nishati, anza na bei ya salfa

Nimekuja likizo Mtwara wiki tatu, na swali nililoulizwa kuliko "utaolewa lini" ni hili: "Dada, hiyo kazi yako ya haidrojeni mtu anaingiaje?" Nimeulizwa stendi ya Mkanaledi, nimeulizwa msibani, nimeulizwa na dereva wa bodaboda mwenye digrii ya uhusiano wa kimataifa ambaye alinishusha Shangani akagoma kuondoka mpaka nimjibu. Naandika mara moja ili nipumzishe vidole na WhatsApp.

Niwatoe kwanza kwenye ndoto. Sina gari lenye bendera. Ni mwajiriwa wa kawaida kwenye ubalozi wa nchi moja ya Ulaya pale Dar es Salaam, dawati la nishati na tabianchi. Siku zangu nyingi zinaishia kusoma nyaraka ndefu, kuandika madokezo mafupi, kukaa kwenye vikao na kuongozana na wageni huku natafsiri. Na haya ninayoandika ni yangu, mwajiri asihusishwe.

Kilichonifundisha kazi hii si chuo wala semina. Ni kikao kimoja chini ya mwembe, kijiji cha pwani huku Mtwara Vijijini, mwaka wangu wa pili kazini. Wageni wawili walikuja. Mradi haukuwepo, walitaka kuona upepo na bahari, na kuwasikia watu. Ilikuwa Julai, kusi inavuma hata karatasi zangu nikazikandamiza kwa jiwe. Mgeni akaanza kueleza, mimi nikatafsiri kwa kujiamini: "haidrojeni ya kijani". Mzee mmoja akainua bakora.

"Mwanangu, hiyo gesi mliionea wapi mpaka mkajua ni ya kijani?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini jasho lilinitoka, kwa sababu nilikuwa nimebeba neno bila kubeba maana yake. Haidrojeni haina rangi. Rangi inataja namna ilivyopatikana. Ukipitisha umeme kwenye maji, yanagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Umeme huo ukiwa wa jua au upepo, wanaiita ya kijani. Ukiitoa kwenye gesi asilia, kama hii yetu ya Mnazi Bay, na hewa ukaa ikaachwa ipae, wanaiita ya kijivu. Hewa ukaa ikikamatwa na kufukiwa ardhini, inakuwa ya buluu. Nilipomweleza hivyo mzee alitikisa kichwa: "Kumbe ni kama korosho, kuna daraja la kwanza na la pili." Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo, na nimeyatumia hata mbele ya watu wenye suti.

Mama mmoja akauliza maji yatatoka wapi. Mimi ni wa Newala. Nimekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na bibi yangu enzi zake alikuwa anateremka kuyachota, kisha anapanda nayo kichwani. Swali lile lilitakiwa litoke kwangu, siku nyingi kabla ya kikao. Kwa hesabu ya kikemia, kilo moja ya haidrojeni inataka lita 9 za maji safi, na kiwandani zinakwenda zaidi kwa sababu ya kuyachuja. Maji ya bahari yanafaa, ila lazima yatolewe chumvi kwanza, na hiyo ni gharama na umeme mwingine. Na umeme wenyewe? Kilo moja inakula uniti 50 hadi 55. Wenye LUKU mtanielewa haraka: familia iliyo kwenye ile bei ya chini inatumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi mzima. Ukimaliza, nishati iliyobaki ndani ya kilo hiyo ni kama uniti 33. Nyingine imepotea njiani.

Kwa hiyo mtu akikuambia haidrojeni ndiyo itakayowasha taa kijijini, muulize kwa nini asizivute zile uniti moja kwa moja mpaka kwenye taa. Haidrojeni ina kazi zake: mbolea, chuma, pengine meli. Taa si mojawapo.

Swali la tatu ndilo lililonibadilisha. Mzee yule yule wa bakora akauliza: "Hayo mageuzi yenu ya nishati, yatapunguza bei ya salfa?"

Nilimtafsiria mgeni huku namwonea aibu mzee. Nikadhani ametoka nje ya mada. Mgeni naye akatabasamu, akasema ni swali la wizara ya kilimo, tukaendelea.

Usiku, hotelini, likanikera. Kwa wasio wa kusini: mkorosho usipopuliziwa salfa wakati wa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unayanyausha maua na msimu umekwisha. Salfa ndiyo ada ya shule huku. Nikaanza kutafuta inatoka wapi. Sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani ni mabaki ya kusafisha mafuta na gesi: wanaiondoa kwenye mafuta ili yasichafue hewa, kisha wanaiuza. Na kinachotumika kuiondoa kwenye viwanda vya kusafishia mafuta ni nini? Haidrojeni. Dunia ikiacha mafuta, salfa ile ya mabaki inapungua, na mtu wa Tandahimba anaisikia kwenye mfuko wake kabla hajaona hata nguzo moja ya upepo.

Mzee hakuwa ametoka nje ya mada. Alikuwa ameingia ndani yake kutuzidi sisi wote.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kazi hii ni huu: kabla hujajifunza lugha ya mikutano, ijue hesabu ya kwenu. Salfa inauzwaje, nani anaileta, maji ya kijiji yanalipiwa vipi, bandari inapakia nini miezi ambayo si ya korosho. Wenzako watakuja na shahada za vyuo vikubwa kuliko chako, na kwenye nadharia watakushinda. Kwenye salfa hawakuwezi.

Ijue na historia ya kwenu. Wageni wengi huuliza kwa nini mji huu una bandari yenye kina kizuri namna hii. Wapeleke kwenye Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaanza kujenga bandari hii ya kusafirishia, na reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Ardhi na mvua hazikuwasikiliza. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na reli ikaja kung'olewa. Halafu wasimulie na 2013, nilipokuwa kidato cha tatu, Januari na Mei, watu walipoingia barabarani kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa. Miaka mingi baada ya hapo tuliendelea kukatiwa umeme huku gesi iko chini ya miguu yetu. Anayekuja na nishati mpya anaongea na watu wenye kumbukumbu hizo, na ukiwa mtafsiri wake usimfiche.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo makala haijakamilika.

Kikao kingine, mwaka huo huo, ukumbi mmoja Lindi mjini. Mgeni alizungumzia fedha za tabianchi, akataja mikopo ya masharti nafuu. Mimi nilikuwa nimechoka, tumetoka barabarani alfajiri, nikasema "msaada wa fedha". Maneno matatu. Diwani mmoja akaenda kuwaambia watu wake kwamba msaada unakuja. Miezi mitano baadaye alinipigia, na alichoniambia sitakiandika hapa. Alikuwa na haki. Mkopo hata ukiwa wa riba ya asilimia moja na miaka 40, utalipwa. Msaada haulipwi. Mimi niliufanya mkopo kuwa msaada kwa sababu ya usingizi.

Tangu siku hiyo nina daftari la maneno, na kila ninayemfundisha kazi namlazimisha awe nalo. Ruzuku, mkopo wa masharti nafuu, mkopo wa kibiashara, dhamana, hisa. Kila fedha ikitajwa, andika pembeni ni ipi kati ya hizo. Utashangaa. Kule Copenhagen mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, nchi tajiri ziliziahidi nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, shirika la nchi tajiri, lengo lilifikiwa mwaka 2022, na katika fedha za serikali na benki za maendeleo za mwaka huo, karibu asilimia 70 ilikuwa mikopo. Kwenye mkutano wa Baku, mwaka 2024, lengo likapandishwa hadi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zinadai trilioni 1.3. Ukisikia takwimu hizi redioni zinasikika kama zawadi. Ukiwa na daftari unauliza: ngapi zinarudi?

Na maneno ni mazito kuliko mnavyodhani. Paris, Desemba 2015, mkataba wa tabianchi ulikaribia kukwama siku ya mwisho kwa sababu kifungu kimoja kiliandikwa kwamba nchi tajiri ni lazima ziongoze kupunguza hewa ukaa, na Marekani ilitaka isomeke kwamba inafaa ziongoze. Likabadilishwa neno moja. Glasgow 2021, makaa ya mawe yalitoka kwenye "kuondolewa" yakaingia kwenye "kupunguzwa", dakika za mwisho. Ukiwa mtu wa "si unajua nilichomaanisha", kazi hii itakuumbua.

Mtaniuliza kuhusu mikataba ya ununuzi wa haidrojeni. Hapa watu wa korosho tuna faida ambayo sijaona ikitumiwa. Ujerumani ina utaratibu unaoitwa H2Global: chombo cha kati kinanunua haidrojeni na bidhaa zake kwa mnada kwa anayeuza bei ya chini, kwa mkataba wa miaka mingi, kisha kinauza kwa mnada kwa anayetoa bei ya juu, na serikali inafidia pengo. Mnada wa kwanza, matokeo yake yalitangazwa Julai 2024, ulikwenda kwa kampuni ya Fertiglobe itakayopeleka amonia, ambayo hutengenezwa kwa haidrojeni, kutoka Misri, kwa euro 1,000 kwa tani ikifikishwa Ulaya. Mtu aliyewahi kukaa kwenye mnada wa chama cha msingi, akaona wakulima wanakataa bei na mzigo unabaki ghalani, anaelewa mchezo huo kabla hajamaliza kusoma. Na anaielewa hatari yake pia. Tuna jina lake: kangomba. Yule anayekuja na hela mkononi wakati mtoto anadaiwa ada, ananunua korosho kwa bakuli lake na bei yake, kabla mnada haujafunguliwa. Nchi yenye njaa ya fedha inaweza kuuza upepo wake wa miaka 30 kwa kangomba, na karatasi ikawa nzuri kabisa, ina mihuri. Nilimwambia hivyo bosi wangu mmoja. Aliniomba nimwandikie neno hilo herufi kwa herufi.

Kuhusu njia ya kuingia, kwa haraka. Chuo cha Diplomasia pale Kurasini ni njia, lakini si pekee. Mimi nilisoma uchumi. Msidharau benki: CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, yaani inaruhusiwa kuombea miradi fedha za mfuko huo wa kimataifa, na kuna vijana wanaandika maandiko ya miradi kule ambao wanajua mambo haya kuliko sisi wa balozi. Upande wa serikali nao si mdogo. Mwenyekiti wa kundi la Afrika kwenye majadiliano ya tabianchi kwa 2025 na 2026 ni Mtanzania, Dk. Richard Muyungi. Kiingereza chako kinyooshe, Kifaransa kikiwepo ni heri, na jifunze kuandika dokezo la ukurasa mmoja lisilozidi. Hilo la mwisho peke yake limenipa kazi mbili.

Mshahara? Unatosha. Posho zinazosemwa vijiweni ni hadithi.

Mzee wa bakora tunawasiliana. Alinipigia msimu uliopita, yuko shambani, nasikia mashine ya kupulizia ikinguruma nyuma yake.

"Yule mgeni wako alijibu la salfa?"

Nikamwambia ukweli. Niliandika dokezo, swali lake nikaliweka aya ya nne. Lilipopita mikono mitatu likashushwa kuwa tanbihi.

"Tanbihi ndiyo nini?"

"Yale maandishi madogo chini ya ukurasa, babu."

Akakaa kimya kidogo. "Basi mwambie avae miwani."