Mpiga piano wa salsa, mpangaji na mtayarishaji: jibu langu kwa mfano wa Larry Harlow

Ndugu mleta mada,

Umeeleza kwamba unapiga kinanda katika bendi ya hoteli hapa Dar es Salaam, kwamba salsa ndiyo muziki unaoupenda kuliko mwingine wote, na kwamba umeambiwa uchague mapema: ama uwe mpigaji, ama mpangaji wa muziki (anayeandika kila chombo kitapiga nini), ama mtayarishaji wa rekodi, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuzimudu kazi zote tatu. Nimepiga piano katika bendi za dansi na za hotelini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimezipangia bendi hizo sehemu za wapulizaji, na nimekaa studio usiku mwingi nyimbo hizo zikirekodiwa. Nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe, pamoja na mfano wa mtu ambaye nimezichunguza kazi zake kuliko za mpiga piano mwingine yeyote, yaani Larry Harlow wa New York. Kwa maoni yangu ushauri uliopewa haufai. Katika salsa, piano ndiyo inayomfundisha mtu kupanga muziki, na kupanga muziki ndiko kunakomfikisha kwenye utayarishaji.

Harlow alizaliwa Brooklyn mwaka 1939 katika familia ya Kiyahudi, akipewa jina la Lawrence Ira Kahn. Baba yake alikuwa kiongozi wa bendi na mama yake mwimbaji wa opera, kwa hiyo muziki ulikuwamo nyumbani, ila haukuwa muziki wa Kilatini. Huo aliusikia alipokuwa akienda shule ya sekondari ya muziki na sanaa kule Harlem, ukitoka katika maduka ya Wapuerto Rico yaliyokuwa njiani. Nota alizisoma vizuri tangu utotoni, lakini alipoingia katika bendi ya Kilatini na zamu ya solo, yaani kupiga peke yake mbele ya wenzake, ikamfikia, elimu ile haikumsaidia. Alichokifanya baadaye ndicho ninachotaka ukishike: alitafuta santuri za Kikuba, akanakili solo za wapiga piano nota kwa nota, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 akaenda Kuba kuusomea muziki huo kwa wenyewe, akarejea Marekani wakati wa mapinduzi. Mtu aliyezaliwa nje ya utamaduni fulani anaweza kuheshimiwa ndani yake iwapo atakubali kuwa mwanafunzi kwa muda mrefu, na hilo linatuhusu sana sisi tunaoipiga salsa tukiwa pwani ya Afrika Mashariki.

Mwalimu wake mkuu, hata kama ni kwa kupitia santuri, alikuwa Arsenio Rodríguez, mpiga tres (gitaa dogo la Kikuba) kipofu ambaye katika miaka ya 1940 alilipanua kundi la son, muziki wa dansi wa Kikuba, kwa kuliongezea piano, ngoma za tumba na tarumbeta zaidi ya moja. Wakuba walimwita Arsenio Kipofu wa Ajabu, na mashabiki wa New York, kwa kumfuatisha, wakamwita Harlow Myahudi wa Ajabu. Arsenio alifariki dunia mwishoni mwa mwaka 1970, na mwaka uliofuata Harlow akatoa albamu nzima ya kumuenzi. Mimi naiona kuwa kazi muhimu kuliko zote za mwanzo wake, kwa sababu ndani yake unasikia jinsi anavyojizuia: piano haijisifu, inabeba.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kazi yenyewe. Mtu anayetoka kwenye dansi, kama nilivyotoka mimi, amezoea magitaa kushika usukani na kinanda kujaza nafasi nyuma yake. Kwenye salsa usukani wa katikati ni wako. Kila kitu kinafuata klave, yale mapigo 5 yaliyogawanyika pande mbili, matatu upande mmoja na mawili upande mwingine, ambayo mara nyingi hakuna anayeyapiga waziwazi lakini kila mtu anayasikia kichwani. Besi haitui pamoja na pigo la kwanza bali hulitangulia, tumba hufunguka mwishoni mwa mzunguko, na piano ndiyo inayoziunganisha hizo mbili na mwimbaji. Ukiiweka montuno yako, yaani ule mzunguko wa piano unaojirudia, upande usio wake wa klave, bendi nzima itayumba bila wasikilizaji kujua ni kwa nini. Kwa sababu hiyo vijana ninaowafundisha huwaambia wapige klave kwa mguu huku mikono yote miwili ikipiga montuno kwa oktava (nota ileile juu na chini), bila kukanyaga pedali hata kidogo, kwa kuwa pedali huivuruga midundo na kuiondolea makali. Mkono wa kushoto usirudie kazi ya besi. Mwachie mpiga besi nafasi yake.

Ukishaweza hayo, tayari umeanza kupanga muziki. Anayepiga montuno analazimika kujua mwimbaji anavuta pumzi wapi, kiitikio kinaingia lini, na wapulizaji wanakaa katika sauti zipi. Kabla ya Harlow kupata jina, makundi mengi ya mtindo wa Kikuba yalitumia tarumbeta, na mpiga piano Eddie Palmieri alikuwa amewatikisa wachezaji wa New York kwa bendi iliyosimama juu ya tromboni mbili. Harlow alizichanganya tarumbeta na tromboni pamoja katika orkestra yake, tarumbeta ziking'aa juu na tromboni zikinguruma chini. Ukipiga piano katikati ya sauti hizo utaelewa mara moja tatizo linalozaliwa: tromboni zinakaa palepale inapokaa piano. Dawa ni kupandisha montuno oktava moja tromboni zinapoingia, au kupunguza nota na kuacha mianya. Nimelifanya hilo mara nyingi na saksafoni zetu za dansi, na bendi husikika kubwa zaidi ingawa hakuna chombo kilichoongezwa.

Utayarishaji wake nao ulianzia hapohapo. Kampuni ya rekodi ya Fania iliyoanzishwa mwaka 1964 na Johnny Pacheco na Jerry Masucci ilimchukua Harlow miongoni mwa wasanii wake wa kwanza kabisa, na muda si mrefu akawa anasimamia rekodi za wenzake pia. Alimpa nafasi mwimbaji Ismael Miranda akiwa kijana ambaye hata miaka 20 hajafikisha, wakarekodi albamu kadhaa zilizopendwa mno, kisha Miranda akaondoka kwenda kuimba kwa jina lake mwenyewe. Bendi nyingi ninazozijua zingekufa hapo. Harlow alimweka Junior González mbele, na mwaka 1974 wakatoa albamu ambayo ndani yake fidla na filimbi za charanga, bendi ya Kikuba ya vyombo hivyo, zinakaa pamoja na wapulizaji wa tarumbeta na tromboni. Mwaka mmoja kabla, alipotunga opera yake ya Kilatini iitwayo Hommy, alimwita mwimbaji wa Kikuba Celia Cruz aimbe sehemu moja tu. Celia alikuwa amepungua masikioni mwa vijana wa New York, na wimbo ule ukamrudisha mbele yao. Mwaka uliofuata akarekodi na Pacheco albamu iliyomfanya malkia wa salsa kwa kizazi kipya. Mtayarishaji aliyejua sauti gani inakosekana ndani ya kazi yake ndiye aliyemtafuta, na aliijua kwa sababu kila nota ilipita mikononi mwake.

Harlow pia alikuwa miongoni mwa walioishinikiza taasisi ya tuzo za Grammy iutenge muziki wa Kilatini katika kundi lake. Ilikubali, na tuzo ya kwanza ikaenda kwa Eddie Palmieri mwaka 1976. Namheshimu kwa hilo pengine kuliko kwa solo zake zote.

Usidhani kwamba hayo yote yako mbali na sisi. Septemba 1974 Fania All-Stars, kundi ambalo Harlow alikuwa mpiga piano wake katika miaka ile, lilikwenda Kinshasa kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na Celia Cruz akawaimbia watu ambao wazazi wao walikuwa wamecheza santuri za Kikuba tangu miaka ya 1930. Huku kwetu Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Sebene ya Kikongo, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, na sehemu ya wimbo wa Kikuba inayobebwa na montuno zinafanya kazi ileile, yaani kulifungua fundo la wimbo ili watu wacheze, na masikio uliyoyalea kwa moja yatakusaidia kwenye nyingine.

Kuhusu riziki, nitasema kwa ufupi. Salsa peke yake haitakulisha Dar es Salaam. Zamu za hotelini, harusi na kuwapangia muziki wasanii wa mitindo mingine ndizo zitakazolipa kodi ya nyumba. Jambo ambalo usilipuuze ni maandishi. Niliwahi kuipangia bendi moja sehemu zote za wapulizaji, na rekodi ilipotoka jina la mpangaji halikuwamo popote, kwa hiyo hapakuwa na cha kudai. Tangu hapo sikabidhi mpangilio bila karatasi iliyosainiwa, yenye jina la wimbo, kazi niliyoifanya na malipo tuliyokubaliana, na nota zangu huandikwa jina langu kila ukurasa.

Wiki hii chukua ile albamu ya kumuenzi Arsenio, chagua wimbo mmoja, na uuandike wote: besi, piano, kila tarumbeta na kila tromboni, hata kama itakuchukua mwezi. Ukimaliza, uupange upya kwa vyombo ilivyonavyo bendi yako ya hoteli, uwagawie wenzako sehemu zao, kisha urekodi mazoezi kwa simu na uyasikilize ukiwa mbali na kinanda. Ukiweka rekodi hiyo hapa, nitaisikiliza na kukuandikia maoni yangu sehemu kwa sehemu.